Zulia la Msuko: Kazi ya Mabaki ya Cherehani

Chini ya kila cherehani pana lundo dogo la vipande. Iwe ni katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, iwe ni katika soko la Kimironko mjini Kigali, au kwenye vibaraza vya Bukavu na Kampala, fundi anayekata gauni la kitenge hubakiwa na pembe za mikono, viduara vya shingo, na tepe za kando ambazo hazitoshi hata kuwa mfuko wa shati. Jioni mabaki hayo hufagiliwa, hutiwa guniani, na aghalabu huishia jaani au motoni. Pamba iliyolimwa, ikasokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi huteketea kabla haijavaliwa na mtu hata siku moja, na vile vipande vya nailoni vilivyochanganyika nayo hutoa moshi unaodhuru vifua vya jirani.

Upande wa pili kuna sakafu. Gitega, Bukavu na Kigali ni miji iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri saruji yake huwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtoto anayetambaa huipata baridi hiyo kwa viganja na magoti. Mzee anayeamka kwenda kuswali au kuwasha moto huipata kwa nyayo. Zulia la dukani lina bei ambayo nyumba nyingi hazina nafasi nayo katika hesabu ya mwezi. Zulia la msuko, yaani lile linalosukwa kwa vipande vya nguo na kushonwa mzunguko kwa mzunguko, laweza kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, wako akina mama wengi walioianza kazi hii kwa furaha wakaiacha katikati, kwa sababu zulia lilijikunja likawa kama ungo, au lilijaa mawimbi likawa mtego wa kukwaza watu. Kosa halikuwa katika kitambaa wala katika ustadi wa vidole. Kilichokosekana ni kipimo. Kazi hii haihitaji mashine wala fedha nyingi, lakini yahitaji kuhesabu: kabla ya mkasi, wakati wa sindano, na hata siku ya kuuza.

Asili yake

Kazi yenyewe si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Katika pwani ya Waswahili, mkeka haufumwi wote kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, ambao ni ukanda mrefu mwembamba wa majani ya mkindu, kisha ukanda huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana unaotakiwa. Huko Uganda pia mikeka husukwa kwa kanda za majani ya mtende wa porini na kuunganishwa kwa kushonwa. Nao wanawake wa Rwanda na Burundi, katika vikapu vyao vyenye vifuniko vilivyochongoka, wameijua tangu zamani siri ya kuzungusha kamba moja kutoka katikati kwenda nje, kuilaza wanapotaka itako na kuipandisha wanapotaka ukuta.

Mbali na hapa, katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani yaitwayo New England, mazulia ya nguo kuukuu zilizosukwa yalienea majumbani katika karne ya 19. Huko nguo za sufu zilizochakaa zilikatwa tepe, zikasukwa kwa tepe tatu na kuzungushwa ili kufunika sakafu za mbao wakati wa baridi kali. Watu wa pwani walitumia majani na watu wa New England wakatumia sufu, lakini kanuni ni ile ile: suka ukanda, kisha ushone ukanda. Kwa hiyo aliyezaliwa katika nyumba ya mikeka hana haja ya kuiogopa kazi hii.

Kuchagua kitambaa

Kitambaa kifaacho kuliko vyote kwa mwanzo ni cha pamba chenye uzito wa kadiri, mfano wa kitenge, shuka la kitanda au sare ya shule iliyopauka. Fulana nazo zafaa, kwa kuwa tepe yake ikivutwa kidogo hujikunja yenyewe na kuficha kingo zake. Jambo la hatari ni kuchanganya pamba na poliesta ndani ya msuko mmoja bila kujua. Pamba hunywa maji na hupungua ikifuliwa. Poliesta hainywi maji mengi wala haipungui kwa kadiri ile. Baada ya kufuliwa mara chache, tepe moja hukaza huku nyingine ikilegea, na zulia hupoteza ubapa wake.

Ikiwa aina ya kitambaa haijulikani, uzi mmoja uchomolewe na kuchomwa kwa kibiriti juu ya sahani yenye maji, mbali na watoto. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, na ikipoa huacha punje ngumu. Vipande vya namna hii vitengwe katika mfuko wake, vipate kazi nyingine kama vile kujazia mito.

Vipande vyote vya pamba hufuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kupungua kwote kutokee sasa na si baada ya kushonwa. Rangi nazo zijaribiwe: kitambaa cheupe kilicholowa kisuguliwe juu ya kila kitenge. Kikishika rangi, kitenge hicho kifuliwe peke yake tena na tena mpaka kiache kutoa, ama sivyo kiwekwe kando. Zulia huchukua siku nyingi, na ingekuwa hasara kuliona jeupe lake likigeuka jekundu siku ya kufuliwa kwa mara ya kwanza.

Yafaa kukumbuka pia kwamba nguo kuukuu si rahisi kupatikana kila mahali kama ilivyokuwa zamani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50, kwa nia ya kukuza viwanda vyake vya nguo. Mahali ambapo mitumba imekuwa ghali, nguo moja huvaliwa muda mrefu zaidi kabla ya kuitwa tambara. Hapo lundo la fundi cherehani ndilo linalobaki kuwa chanzo cha hakika, na mtu mwenye busara hupatana na fundi mapema, kabla gunia halijafika jaani.

Hesabu kabla ya mkasi

Na uchukuliwe mfano wa zulia la mviringo mrefu, la kuwekwa kando ya kitanda, lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60. Jambo la kwanza ni kujua urefu wa msuko wa katikati, ule ambao zulia lote litauzunguka. Kanuni ni rahisi: toa upana katika urefu. Tisini kutoa sitini ni thelathini. Kwa hiyo msuko wa kwanza hulazwa sentimita 30, kisha hugeuzwa. Akianza na sentimita 10 tu, mtengenezaji atapata zulia linaloelekea kuwa duara. Akianza na 60, atapata kitu chembamba mfano wa njia.

Jambo la pili ni urefu wa msuko wote. Zulia hilo ni mstatili wa sentimita 30 kwa 60, ambao ni sentimita za mraba 1,800, pamoja na nusu mbili za duara lenye kipenyo cha sentimita 60, ambazo zikiunganishwa ni kama 2,827. Jumla ni 4,627. Ikiwa msuko una upana wa sentimita 2, gawanya kwa 2, na jibu ni karibu mita 23 za msuko.

Jambo la tatu ni urefu wa tepe. Tepe zikisukwa hufupika, na kiasi cha kufupika hutegemea unene wa kitambaa na mkono wa msukaji. Basi na zikatwe tepe tatu za mita moja moja, zisukwe, kisha msuko upimwe. Ikiwa umebaki na sentimita 70, mita 23 za msuko zitadai tepe tatu za karibu mita 33 kila moja, yaani karibu mita 100 kwa jumla. Tepe hizo zikiwa na upana wa sentimita 6, kitambaa kitakachokwisha ni mita 6 za mraba, ambacho ni karibu pande zima la kitenge la yadi 6.

Hesabu hii hushangaza wengi, na ni vema ishangaze mapema. Kapu moja la vipande halitoshi zulia. Anayeijua idadi hii hukusanya kwa muda wa kutosha na kupanga rangi zake tangu mwanzo. Asiyeijua huishiwa na samawati katikati, akamalizia kwa rangi yoyote iliyopatikana.

Kukata na kuunga

Kitenge hukatwa tepe za upana wa sentimita 5 au 6. Kitambaa chepesi, mfano wa kanga iliyochakaa, huhitaji 7 au 8 ili kikikunjwa kiwe na unene sawa na wenzake. Kusudi ni tepe zote zilingane unene baada ya kukunjwa, wala si upana kabla ya kukunjwa.

Vipande vifupi huungwa kwa mshono wa mshazari. Ncha mbili hulazwa zikikatana kama herufi ya L, hushonwa kutoka pembe hadi pembe, na ziada hukatwa. Mshono wa namna hii hutawanya unene wake. Mshono wa kukata moja kwa moja huacha kinundu ambacho mguu hukihisi na ambacho huchakaa upesi kuliko sehemu nyingine. Tepe tatu zinazosukwa pamoja zisiwe na urefu sawa, ili viungo vyake visikutane mahali pamoja na kuacha fundo nene.

Kisha kila tepe hukunjwa kingo zake ndani zikutane katikati, halafu hukunjwa tena mara mbili, hata pasionekane uzi unaotoka. Wengine hupiga pasi mikunjo hiyo kwanza. Wengine hukunja kwa vidole huku wakisuka. Zote mbili zafaa, ilimradi kingo ziwe zimefichwa.

Kusuka

Tepe tatu hushonwa pamoja nchani na kufungwa kwenye msumari, mguu wa meza au kitasa cha mlango. Msukaji huketi mahali ambapo anaweza kuvuta bila kuchoka. Ya kulia hupita juu ya ya katikati, ya kushoto hupita juu ya ya katikati mpya, na kadhalika, sawa na msuko wa nywele. Mkazo uwe ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Msuko ulio sawa haupitishi kidole katikati yake kwa urahisi, wala haujipindi wenyewe ukiwekwa mezani. Anayeacha kazi usiku na abane ncha kwa kibanio cha nguo, kwa maana msuko uliolegea ukisukwa tena haurudii mkazo wake wa kwanza.

Kushona, na siri ya kona

Hapa ndipo mazulia mengi huharibika. Sharti la kwanza ni kushona juu ya meza au sakafu iliyonyooka. Anayeshona mapajani hulipa zulia umbo la mapaja yake, naye haoni kosa mpaka anapolitandika.

Uzi uwe imara, mfano wa uzi wa nailoni wa kushonea viatu, au uzi wa pamba mnene uliopakwa nta. Shazia yenye ncha butu ni bora kuliko sindano kali, kwa kuwa haitoboi kitambaa bali hupita katika vitanzi vya msuko. Hupitishwa katika kitanzi cha zulia, kisha katika kitanzi cha msuko mpya ulio kando yake, huvutwa, na uzi hujificha kati ya misuko miwili. Zulia lililoshonwa hivi huwa sawa pande zote mbili.

Penye mbavu zilizonyooka, kitanzi kimoja cha zulia hupewa kitanzi kimoja cha msuko mpya. Penye kona sivyo. Njia ya nje ya mzunguko ni ndefu kuliko njia ya ndani, na urefu huo wa ziada hauna budi kutoka mahali. Kwa hiyo, kila baada ya vitanzi vichache, mshonaji huruka kitanzi kimoja cha msuko mpya, ili vitanzi viwili vya nje vikalie kimoja cha ndani.

Ni mara ngapi kuruka? Hesabu hutoa jibu tena. Kwa msuko wenye upana wa sentimita 2, kila mzunguko mpya hauna budi kuwa mrefu kuliko uliotangulia kwa sentimita 12 na nusu hivi, nusu yake katika kona ya kila upande. Ziada hii haibadiliki: ni ile ile katika mzunguko wa pili na katika mzunguko wa kumi na tano. Mshonaji anaweza kupima kila mzunguko kwa uzi na kuulinganisha na uliopita.

Ziada ikiwa pungufu, zulia huinuka kingo na kuanza kuwa kikapu. Ndivyo hasa msusi wa vikapu afanyavyo kwa makusudi anapotaka kupandisha ukuta: hubana. Ziada ikizidi, kingo hujaa mawimbi. Dawa ya yote mawili ni kufumua mpaka mzunguko ule ambapo kosa lilianza. Kasoro ndogo yaweza kulazwa kwa kulilowesha zulia kidogo na kuliwekea uzito usiku kucha, lakini kikapu hakigeuki kuwa zulia kwa kukaliwa.

Mwisho wa kazi, sentimita 25 za mwisho za kila tepe hupunguzwa upana pole pole, msuko upate kuwa mwembamba kama mkia, kisha mkia huo hulazwa na kushonwa ubavuni mwa zulia bila kuacha kidaraja.

Usalama na utunzaji

Zulia jepesi juu ya saruji iliyopigwa msasa huteleza. Katika nyumba yenye mzee au mama mjamzito, jambo hili si dogo, kwa maana anguko moja laweza kuvunja nyonga. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli vikishonwa chini ya zulia huzuia kuteleza. Ni kweli kwamba zulia halitageuzwa tena juu chini, lakini mfupa una thamani kuliko upande wa pili wa zulia. Vile vile zulia la nguo lisitandikwe karibu na jiko la makaa, wala mahali ambapo taa ya mafuta hukaa chini.

Zulia lisilo na mpira ligeuzwe kila wiki, lipate kuchakaa sawa. Lisipigwe kwa fimbo likiwa limetundikwa kambani, kwa sababu hapo uzi hukatika. Na likifuliwa lisikamuliwe kwa kusokotwa wala kuanikwa kwa kuning'inizwa. Maji huwa mazito, na uzito huo huvuta mishono. Likamuliwe kwa kubonyezwa, kisha lianikwe limelazwa juu ya nyasi safi au mkeka.

Thamani ya kazi

Anayetengeneza zulia kwa ajili ya nyumba yake hulipwa na nyayo za watoto wake. Anayetengeneza kwa kuuza ana jambo jingine la kukabili. Mnunuzi husimama, hulipindua zulia, na kuuliza:

"Mama, si matambara tu haya?"

Na muuzaji mwenye hesabu yake anaweza kumjibu kwa utulivu:

"Ndiyo, mwanangu. Matambara niliyapata bure. Zinazouzwa hapa ni zile jioni kumi na mbili."

Maana hesabu ni hiyo. Akisuka mita 2 kila jioni, mita 23 za lile zulia la kando ya kitanda ni jioni 12, kabla hajahesabu kukata, kuunga na kushona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila jioni na iandikwe: saa za kazi, bei ya uzi, na nauli ya kufuata mabaki. Saa zote zikijumlishwa na kulinganishwa na ujira wa kazi kama hiyo mjini pale, muuzaji atajua kiasi ambacho chini yake anajiibia mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kupanga bei kwa kufuata upana. Zulia la duara lenye kipenyo cha sentimita 40 hula msuko wa mita 6 na robo hivi. Lenye kipenyo cha sentimita 80 halili mara mbili, bali mara nne, yaani mita 25. Anayeuza la pili kwa bei maradufu ya la kwanza amefanya nusu ya kazi yake bure, tena bila kujua. Ikiwa soko la mahali pale halitaki kutoa bei halali ya zulia kubwa, ni afadhali kutengeneza madogo ya kukalia kitini, ambayo humalizika katika jioni chache na ambayo mnunuzi hayaonei uzito. Kwa kikundi cha akina mama, kazi hugawanyika vizuri: mmoja akate, wawili wasuke, na mwenye jicho la kona ashone. Yule wa kona asilipwe pungufu ya wenzake, kwa kuwa mkono wake ndio unaoamua kama kilichozaliwa ni zulia au kikapu.

Wazee wa pwani walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Walijua kwamba kilichochakaa kikiwa mkononi kina kazi, ilhali kizuri cha mwingine hupita na mwenyewe. Mabaki yaliyo chini ya cherehani ndiyo mbacha wa nyumba nyingi za leo. Yakipewa futi ya kupimia, shazia na jioni za kutosha, mtoto atatambaa juu yake asubuhi bila kuihisi saruji.